Diploma ya Mzee na 1.4 Yangu

Fomu ya maombi ya kazi ilikuwa na kisanduku cha GPA, na chini yake maandishi madogo: isipungue 3.5. Nikaandika 1.4, nikabonyeza kitufe cha kutuma, nikaenda kulala kwa raha zangu.

Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nirudi Tanzania na shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji kutoka Dresden, mashariki mwa Ujerumani. Kule 1.0 ndiyo kilele, 4.0 ni mtu aliyeponea chupuchupu, na 5.0 kaanguka. Miaka miwili nilikuwa nimeizoea hesabu hiyo ya kichwa chini miguu juu, mpaka nikaona ndivyo dunia nzima inavyohesabu. Nilisahau kwamba fomu ile haisomwi na Mjerumani. Kwa mzunguko wa kwanza haikusomwa hata na mtu. Ilisomwa na mfumo, na mfumo ulikuwa umeambiwa kitu kimoja tu: 3.5.

Aliyepita chuo kikuu hapa kwetu, ambako kilele ni 5.0, hahitaji kuelezwa 1.4 ni nini. Chini ya 2.0 hata Pass huna. Hiyo ni alama ya mtu aliyedisko, akapakia godoro kwenye bodaboda akarudi kwao. Cha ajabu ni kwamba nchi hiihii inajua fika namba ndogo inaweza kuwa tamu: kidato cha nne, Division One ya pointi 7 ndiyo ndoto ya kila mzazi. Lakini ukivuka geti la chuo, ujuzi huo unabaki nje.

Sikuitwa kwenye usaili. Miezi miwili baadaye, rafiki niliyesoma naye aliniletea habari huku akijitahidi asicheke. Alikuwa na ndugu katika ofisi ile, ambayo sitaitaja. "Mfumo ulikutoa siku ya kwanza," akasema. "Faili lako halikufunguliwa na mtu."

Baba mdogo, mwalimu wa hesabu mstaafu, aliposikia alikasirika kuliko mimi. "Si ungeandika 4.6 yaishe?"

Hakuitoa hewani. Wajerumani wana kanuni ya kubadili alama za wageni, wenyewe wanaiita kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa, na mimi nilikuwa nimemwonyesha wakati naomba chuo. Unachukua alama ya juu kabisa ya nchi yako, unatoa alama uliyopata, unagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kupita, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Kwetu juu ni 5.0 na chini ni 2.0, tofauti ni 3. Kwa hiyo ile 3 ya kuzidisha inaila ile 3 ya kugawanya, na kanuni yote inabaki kuwa: toa GPA yako kwenye 6. Mimi niliondoka Dar es Salaam na 4.1, wao wakanisoma 1.9. Baba mdogo aliigeuza kanuni papo hapo: 6 ukitoa 1.4 ni 4.6.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini 4.6 haipo kwenye karatasi yangu hata moja. Kanuni ile imetungwa na Wajerumani kwa kuingiza watu kwao, haikutungwa kwa ajili ya mtu kujirudishia alama akiwa peke yake sebuleni. Siku ya kukagua vyeti, mwenye kisanduku cha 4.6 na transkripti ya 1.4 anaelezea nini? Nikamwambia, baba, hapo mimi ndiye nitakayeonekana nimeghushi. Akanyamaza, kisha akasema kwamba wakati wake mwalimu alikuwa anatazamwa anavyofundisha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeonywa kabla sijapanda ndege.

Kabla ya Dresden nilifanya kazi mwaka mmoja na nusu Tanga chini ya mhandisi mmoja wa mitambo ya maji, mtu mzima, karibu anastaafu. Sisi vijana tulimwita Mzee tu. Alikuwa anasikiliza pampu kwa kuegemeza bisibisi kwenye kasha lake na kuweka sikio kwenye mpini, anakwambia beringi ipi inakufa. Nilipomletea habari kwamba nimepata nafasi Ujerumani, na tena Dresden, alicheka mpaka akavua miwani. Na yeye alisoma hukohuko. Aliondoka mwaka 1979, wakati bado kuna Ujerumani mbili. Akakaa Leipzig mwaka mmoja katika Herder-Institut anajifunza lugha, kisha miaka mitano Dresden, akarudi 1985 na karatasi iliyoandikwa Diplomingenieur.

"Sasa sikiliza, binti," akaniambia. "Karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya fundi sanifu."

Ofisi iliyompokea iliona neno Diplom. Kwetu diploma ni stashahada, kitu cha chuo cha ufundi, chini ya digrii. Wakamtafsiria kwa nia njema kabisa: Diploma ya Uhandisi. Wakamweka daraja moja na vijana waliomaliza FTC, yaani cheti cha fundi sanifu, wengine wadogo kwake kwa miaka minane. Mtu aliyekaa darasani miaka mitano baada ya kidato cha sita, aliyeandika tasnifu kwa Kijerumani, analipwa chini ya msimamizi wake mwenye digrii ya miaka minne. Alipolalamika, karani alimwambia kwa upole: mzee (ingawa wakati huo hakuwa mzee), wewe mwenyewe cheti chako kinasema diploma, tukuongezee nini?

Mzee aliniambia mwenzake mmoja aliyetoka Moscow alipatwa na makubwa zaidi. Yule alirudi na kandidat nauk, ambayo kwa Warusi ni ngazi ya uzamivu. Juu yake kuna doktor nauk, lakini hiyo ni ya watu waliokwisha kubobea kwa miaka. Afisa akaandika pembeni ya faili: "Bado ni mtahiniwa. Asubiri matokeo." Mzee aliapa kwamba ni kweli. Nami namwamini, maana ukilitazama neno peke yake, afisa hakukosea.

Akanipa wosia: "Jina la digrii usilitafsiri. Liache kama lilivyo, halafu eleza ulikaa miaka mingapi na uliingia na cheti gani." Nikaitikia, ndiyo Mzee. Halafu nikarudi na kuandika 1.4 kwenye kisanduku. Wosia wake niliuchukua kuwa wa majina, kumbe hata namba ina lugha.

Dresden nilianza kuelewa zile karatasi zilivyozaliwa. Ule utaratibu wa Diplomingenieur ulianza mwaka 1899, Kaiser Wilhelm II alipozipa shule kuu za ufundi za Prussia haki ya kutoa Dipl.-Ing. na Dr.-Ing., yaani udaktari wa uhandisi; kabla ya hapo shahada ya udaktari ilikuwa mali ya vyuo vikuu vya kale. Zile alama za kistari katikati hazikuwekwa kwa urembo. Mjerumani mwenye Dr.-Ing. ukimwandikia PhD hatagomba, ila ataona umemvua kitu. Na Diplom haikuwa na kituo cha katikati: unaingia, unatoka baada ya kama miaka mitano, na ulichonacho mkononi ni sawa na shahada ya uzamili. Bachela haikuwepo. Ilikuja na mchakato wa Bologna, uliotiwa saini mwaka 1999, nchi za Ulaya zilipokubaliana kupanga masomo yao kwa ngazi zinazofanana. Hata hivyo wakati wangu pale, wenzangu wa uhandisi mitambo walikuwa bado wanasomea Diplom na wanaionea fahari, wakituangalia sisi wa Master kama watu tulionunua nguo ya dukani.

Kuna mtego ndani ya mtego. Diplom ya chuo kikuu inahesabiwa ngazi ya Master, lakini ile yenye herufi FH kwenye mabano, ya vyuo vya sayansi tumizi, inahesabiwa ngazi ya bachela. Herufi mbili tu. Mtu akiandika CV yake kwa haraka akaziruka, amejipandisha daraja bila kukusudia, na akigunduliwa hakuna atakayeamini kwamba hakukusudia.

Jirani yangu wa chumba, kaka mmoja kutoka Lubumbashi, alikuwa na kisa chake. Karatasi yake ilisema ingénieur civil. Kila Mjerumani aliyeisoma alimuuliza kuhusu madaraja na majengo. Naye alikuwa ametoka kwenye madini, na maisha yake yote ni tanuri na asidi. "Miye niko mutu wa mukuba," alikuwa akiniambia, mukuba kwao ndiyo shaba, "baniangaliaka kama mwashi." Kwa Wabelgiji, na kwa Wakongo waliorithi mfumo wao, ingénieur civil ni cheo cha mhandisi aliyesoma njia ndefu ya miaka mitano, awe wa migodi, wa umeme au wa majengo. Wa njia nyingine wanaitwa ingénieur industriel. Neno civil hapo halihusiani kabisa na kujenga.

Shida yake ya pili ilikuwa fomu ya maombi ya udaktari. Ilikuwa na kisanduku cha bachela, lazima ujaze ndipo ukurasa wa pili ufunguke. Yeye bachela hana. Hakuwahi kuwa nayo. Alisoma miaka mitano mfululizo kabla utaratibu wa LMD (Licence, Master, Doctorat) haujafika kwao. Tulikaa jikoni usiku tukijaribu kukidanganya kisanduku kile kwa kistari, kwa sifuri, kwa nukta, kikagoma. Asubuhi alikwenda kumwona profesa mwenyewe na karatasi mkononi. Profesa alikuwa mtu wa enzi ya Diplom. Akaitazama dakika moja, akasema, "Miaka mitano, mlango mmoja wa kutokea. Kama mimi." Basi. Mambo mengine aliyamaliza kwa simu.

Hapo ndipo nilipoanza kuacha kusoma majina ya digrii za watu na kuanza kuuliza maswali mengine: aliingia na nini, alikaa muda gani, na karatasi hiyo inamfungulia mlango upi unaofuata. Kupitia kundi letu la WhatsApp la darasa la Dar es Salaam nawajua wawili wenye MEng (Master of Engineering) ambao herufi zao zinafanana na digrii zao hazifanani hata kidogo. Mmoja ni shemeji wa mwenzetu, amekulia Leeds. MEng yake ni ya miaka minne moja kwa moja baada ya sekondari. Kwa Waingereza hiyo ni uzamili ulioshonwa ndani ya shahada ya kwanza, na ndiyo mojawapo ya njia za kawaida za kuelekea kuwa Chartered Engineer, yaani mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa. Wa pili alikwenda Canada baada ya digrii ya kwanza, akasoma MEng ya kozi tupu bila tasnifu. Alipotaka kuendelea na uzamivu akaambiwa njia ya kawaida ya watafiti ni MASc, yenye tasnifu. Alikasirika, akasema hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuuliza. Wala mimi nisingeuliza.

Ubishi mrefu zaidi katika kundi lile ulikuwa kuhusu mwaka mmoja wa Uingereza dhidi ya miaka miwili ya Ujerumani. Nilijiunga nao kwa kiburi na kalkuleta. MSc ya Uingereza ni krediti 180, kila moja saa 10 za kazi ya mwanafunzi: saa 1,800. Yangu ilikuwa krediti 120 za Ulaya, ambazo Wajerumani huzihesabu kwa saa 30 kila moja: saa 3,600. Mara mbili! Nikatuma hesabu na picha ya ngumi. Mwenzangu wa Manchester akajibu kwa swali moja: "Ngapi kati ya hizo ulikuwa unasubiri mchanga utulie?"

Alinipata. Tasnifu yangu niliifanya kwenye maabara ya haidroliki, jadi yake pale Dresden inaanzia kwa profesa Hubert Engels mwaka 1898, na kazi yangu ilikuwa kuangalia mchanga unavyosombwa kuzunguka nguzo ya daraja ndani ya mfereji wa vioo. Unawasha maji, unasubiri. Unazima, unasubiri vumbi litue ndipo upime shimo. Zilikuwa saa halali, nilijifunza mengi ndani yake, lakini mtu akisema ametumia saa 3,600 usimfikirie ameinamia kitabu zote. Siku hizi nikiulizwa ipi kubwa, nasema krediti zinapima mzigo, hazipimi kichwa. Zina faida pale tu ambapo taratibu za mahali fulani zinazitaka, kwa mfano chuo cha Ujerumani kinapotaka uwe na jumla ya krediti 300 za Ulaya kabla ya udaktari. Mwenye bachela ya miaka mitatu na uzamili wa mwaka mmoja wa Uingereza anapungukiwa hapo. Mwenye bachela yetu ya miaka minne ana nafasi nzuri zaidi ya kujitetea. Ile minne tuliyoilalamikia sana, ya mafunzo kwa vitendo kila likizo ndefu na kovaroli isiyokutosha, inakuja kukusaidia huko.

Baada ya kuchujwa na mfumo nilijifungia wiki moja nikapanga karatasi zangu upya, na hapo ndipo nilipoikuta ile niliyokuwa nimeiacha ndani ya begi tangu siku ya mahafali. Wanaiita Diploma Supplement. Ni kiambatisho kinachotolewa pamoja na cheti, kwa mpangilio mmoja Ulaya nzima, sehemu nane. Nilikuwa nimeidharau, kurasa nyingi, maandishi madogo, nikaona ni maelezo ya chuo kama kile kijitabu cha friji. Sehemu ya 3 inasema digrii ni ya ngazi gani, muda wake rasmi na aliyeingia alitakiwa awe na nini. Kifungu cha 4.4 kinaeleza alama: 1.0 ni bora, 4.0 ni kupita. Sehemu ya 8 ina mchoro wa mfumo mzima wa elimu ya juu wa Ujerumani. Yote ambayo Mzee aliniambia nieleze kwa mdomo yalikuwa yamekwisha kuelezwa, kwa Kiingereza, na muhuri. Na mimi nilituma maombi na cheti kitupu.

Nikaenda TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kuomba utambuzi wa tuzo ya nje. Nikapeleka vyeti vyote, transkripti na kiambatisho. Ilichukua muda wake, ikatoka: shahada ya uzamili inayotambulika. Nikafurahi, nikadhani sasa nimemaliza.

Dirisha la pili lilikuwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Nilikwenda na kifua mbele. Nilidhani uzamili utanivusha niandikishwe moja kwa moja mhandisi mtaalamu. Dada wa mapokezi aliniuliza swali moja tu: kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kiko wapi? Bodi haikuwa na ubishi na Dresden hata kidogo. Ilitaka kujua nimefanya nini kazini, chini ya nani, kwa muda gani. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa Tanga kwa Mzee, na mafunzo yao ni miaka mitatu. Kwa hiyo na uzamili wangu nikabaki mhandisi mhitimu, mstari mmoja na vijana waliomaliza digrii ya kwanza mwaka uliopita. Nilinung'unika siku nzima. Baadaye nikaona kwamba hata Marekani mtu mwenye uzamili hapewi leseni ya PE, yaani ya mhandisi mtaalamu, kwa ajili ya uzamili. Atafanya mitihani yake na ataonyesha miaka yake ya kazi.

Karatasi moja, na kila dirisha lina swali lake. Mfumo wa ajira ulitaka namba. Tume ilitaka ngazi. Bodi ilitaka mikono yangu. Nilikuwa nikitafuta jibu moja la "digrii hii ni sawa na nini", na hakuna ofisi hata moja iliyokuwa inaniuliza hivyo.

Kwenye maombi yaliyofuata, kisanduku cha alama nilikiacha wazi pale mfumo uliporuhusu. Pale ulipokataa nilipiga simu kwanza kuuliza wanataka niandike nini, nikaandika jina la aliyenijibu na tarehe. Mara moja niliambiwa, andika 1.4 lakini weka maelezo kwenye barua. Mara nyingine niliambiwa nilete barua ya chuo inayoeleza alama. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa Dresden iliniandikia. Kazi niliyonayo leo niliipata kwa njia hiyo ya simu.

Kabla sijaanza kazi nilipita Tanga kumsalimia Mzee, amekwisha staafu. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, binti. Nasikia Wajerumani wamekufelisha." Kumbe habari zilikwisha fika. Nikamwonyesha kile kiambatisho, akakisoma chote, polepole, mpaka ule mchoro wa sehemu ya 8, akafuata mistari yake kwa kidole akitafuta Diplom yake. Alipoipata pembeni kule, na mshale unaokwenda ngazi moja na Master, aliguna.

Akanyanyuka akanipeleka sebuleni. Ukutani kulikuwa na fremu mbili. Moja ndogo, cheti cha Diplomingenieur, kimefifia kwa jua la dirishani. Ya pili kubwa, kioo safi, na ndani yake barua ya nusu ukurasa tu kutoka ubalozi wa Ujerumani Mashariki, Dar es Salaam, mwaka 1987, inayosema kwamba mwenye cheti hiki amehitimu masomo ya chuo kikuu ya miaka mitano na ni mhandisi kamili.

"Mbona barua ndiyo kubwa?" nikauliza.

"Cheti kilinipa elimu," akasema, akifuta kioo kwa mkono wa shati. "Mshahara nilipewa na hii. Na nchi iliyoupiga huo muhuri yenyewe haipo tena."